Tovuti ya Chemchemi Inafunguka kwa Lugha ya Nani?

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Kuna mtu ameingia kwenye tovuti yangu. Ushahidi sina bado, lakini hakika ninayo.

Mambo yako hivi. Nimejenga tovuti ya Kanisa la Chemchemi, hapa Thika. Peke yangu! Kwenye meza ya kulia chakula, hapa hapa mtaani Landless, huku Nafuna mke wangu akinisukuma na sufuria kila jioni. Tovuti ina lugha tatu, Kiswahili, Kiingereza na Kikuyu, kwa sababu kanisa lina ibada tatu na kila ibada inaamini zile zingine mbili ni za wageni. Unabonyeza kitufe, lugha inabadilika. Kazi safi. Ila lazima kuwe na lugha ya kuanzia, ile inayofunguka kabla mtu hajabonyeza chochote. Na kanisani imeshaenea kwamba ibada ya lugha hiyo ndiyo itapewa ukumbi mkubwa saa nne asubuhi. Sijui nani alieneza. Mimi nilimwambia mtu mmoja tu.

Baraza lilibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe Pasta Mumbi akasema basi, mtaalamu ataamua. Mtaalamu! Mbele ya watu! Mugo alikuwa pale, Mugo wa tawi la Ruiru, yule anayeuza simu karibu na stesheni na aliyeitaka kazi hii kabla yangu. Alitabasamu na kupiga makofi. Mtu aliyenyimwa kazi hapigi makofi bure.

Tangu siku hiyo nimepata wageni. Mzee Gichuru wa ibada ya Kikuyu alileta nusu gunia la viazi. Nikamwambia, yako ndiyo ya kwanza. Becky, kiongozi wa vijana, wale wa ibada ya Kiingereza, alileta keki aliyooka mwenyewe. Nikamwambia, yako ndiyo ya kwanza. Mama Kavata wa ibada ya Kiswahili, ambayo ndiyo ibada yangu, alileta kuku mzima na miguu yake. Nikamwambia vivyo hivyo. Sioni kosa langu. Ningewarudisha na vitu vyao mlangoni? Hiyo ingekuwa dharau.

Leo nimeamua ni Kiswahili. Kuku alikuwa mtamu.

Tovuti sikuijenga kuanzia chini. Nilitumia kiunzi, yaani nyumba ambayo wenzako wameshasimamisha nguzo na paa, wewe unaweka milango na madirisha. Ndani ya kiunzi kuna faili ya mipangilio, na ndani ya faili kuna mstari mmoja wa lugha ya kuanzia. Nikaandika Kiswahili. Nikahifadhi. Nikafungua tovuti kwenye laptopu yangu.

Kiingereza!

Nikaandika tena, polepole, nikiangalia kila herufi. Kiingereza. Nikazima mashine, nikawasha. Kiingereza. Nikabadilisha neno la siri, ili yule aliyeingia atoke. Kiingereza, tena kwa haraka zaidi. Nafuna akauliza kama nimesoma maelezo ya kiunzi. Nikamweleza kwamba maelezo yameandikwa kwa ajili ya watu wasiojua kazi.

Uzinduzi ni Jumapili. Ukienda vizuri, nitakuwa msimamizi wa mitambo ya Chemchemi yote, Thika na Ruiru. Ukienda vibaya, naenda Ngoliba kwa Ronny, kaka yake Nafuna, kuchunga pampu ya maji kwenye shamba la nyanya. Nafuna ameshazungumza naye. Anasema amechoka kuwa mke wa mtu ambaye kazi yake huanza wiki ijayo. Iliniuma hiyo. Nimeitwa mtaalamu siku chache tu na nimelipenda hilo jina sana.


Jumanne, 2 Septemba

Uchunguzi umeanza.

Asubuhi nilienda kwa Mama Kavata, kwenye kibanda chake cha nafaka sokoni Makongeni, nikamwomba afungue tovuti kwa simu yake. Nilidhani labda ugonjwa uko kwa laptopu yangu. Ikafunguka. Kiingereza. Akasoma lile neno la kukaribisha, akaniangalia, akarudi kupima ndengu za mteja. Kisha akaniuliza kwa upole, bila kugeuka, "Baba Emmah, na ule kuku?" Emmah ni binti yetu, na ndiye aliyekula paja. Nikasema mtandao wa Makongeni una shida leo.

Kutoka hapo nikachukua bodaboda hadi Ngoingwa kwa Mzee Gichuru. Huko nilienda kumtayarisha kisaikolojia, nikijua naye ataona Kiingereza, nimwambie ni majaribio. Mzee akanyoosha simu mbali na uso, kwa vile miwani alikuwa ameiacha ndani. Akasoma. Kumbe imefunguka kwa Kiswahili! Kwake! "Wamalwa," akaniambia, "hizi viazi zangu zilikuwa za Kiswahili?"

Nikasema mtandao wa Ngoingwa una shida leo.

Nilipofika nyumbani Becky akanipigia simu. Kwake ni Kikuyu. "Uncle Tobi, si ulisema English ndio first? Mbona site inanisalimia kama shosho?" Shosho, yaani nyanya. Nikamwambia mambo ya mtandao. Akaniambia mtandao haujui Kikuyu. Msichana huyu ana mdomo.

Sasa nimekaa na kufikiri. Mwenye kuku anaona Kiingereza. Mwenye viazi anaona Kiswahili. Mwenye keki anaona Kikuyu. Hakuna hata mmoja aliyepata chake! Mashine haina roho mbaya kiasi hiki. Huyu ni binadamu, na ni binadamu anayejua niliahidi nani nini. Sasa nani anazijua ahadi zote tatu? Mimi. Na Nafuna, maana yeye ndiye aliyepokea viazi, akakata keki, akachinja kuku.

Nimemtazama akikata sukuma wiki. Ametulia mno.


Jumatano, 3 Septemba

Nimemtega Nafuna.

Wakati wa chai nilisema kwa sauti, kana kwamba najisemea, kwamba neno langu la siri jipya ni "viazi". Si kweli. Kisha nikatoka, nikakaa kwa kinyozi ng'ambo ya barabara nikichungulia mlango wetu. Nilingoja aikimbilie laptopu. Alianika nguo. Akamsuka Emmah. Akaongea na jirani habari za bei ya makaa. Laptopu hakuigusa kabisa. Niliporudi tovuti ilikuwa bado Kiingereza, bila mabadiliko yoyote.

Hii inaonyesha kwamba alijua ni mtego.

Mchana nikaenda kanisani kukagua mitambo ya Jumapili. Pale kuna laptopu moja ya kanisa, iliyoletwa na wageni kutoka Ujerumani walipotutembelea. Mzee Gichuru huitunza kabatini, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama cha kochi, na ufunguo anatembea nao. Nikamwomba nijaribu tovuti humo. Akasema mashine hiyo itafunguliwa Jumapili, na Pasta, mbele ya watu wote, na kwamba mtu aliyeshindwa na viazi asiguse kitu cha wageni. Kwa nini ifungiwe hivyo? Kuna nini humo? Nimeliandika hapa ili baadaye isisemwe sikuona.

Nimejaribu pia kubadilisha mstari uwe Kikuyu, nione kitakachotokea. Kikuyu chenyewe kilinitesa mwezi uliopita. Kiunzi hakikuwa kinakijua! Kimekuja na lugha za dunia nzima tayari, majina ya siku na miezi yote yametafsiriwa, Kijerumani, Kifini, lugha za visiwa nisivyojua viko bahari gani. Lakini Kikuyu nililazimika kukitambulisha mwenyewe. Zile lugha zingine niliziacha humo humo. Kufuta ni kazi, na hazimsumbui mtu.

Basi nikaandika Kikuyu. Ikafunguka Kiingereza. Nikaandika Kiingereza, kuikomoa. Ikafunguka Kiingereza, kana kwamba imeshinda.

Nafuna amenipikia wali leo. Wali siku ya Jumatano! Ana jambo.


Alhamisi, 4 Septemba

Nimesafisha jina la Nafuna kwa muda. Mtu mwenyewe ni Mugo. Nimefika hadi Ruiru na nimeona kwa macho yangu.

Nilivaa kofia na miwani ya jua, nikasimama upande wa pili wa barabara, nyuma ya mwuza ndizi, nikijifanya nachagua ndizi. Mugo akapaza sauti kutoka dukani, "Sasa Tobias! Mbona miwani na hakuna jua?" Ameweka watu wa kumwambia. Nikalazimika kuvuka, na pia kununua ndizi, kwa sababu nilikuwa nimezishika sana.

Akanipa kiti na chai. Nikanywa huku nikichunguza. Akaja mama mmoja mzee kununua simu. Mugo akaitoa kwenye boksi, akaingia ndani ya mipangilio yake, akabadilisha lugha ya simu kutoka Kiingereza hadi Kiswahili, kisha akamkabidhi! Hivi hivi! Bila aibu! Nikamwuliza kwa sauti ya kawaida kwa nini amefanya vile. Akasema wazee wengi humwomba, kwa hivyo siku hizi wazee wote anawawekea Kiswahili kabla hawajauliza. Vijana anawaachia Kiingereza. Nikamwuliza kama Mzee Gichuru alinunua simu hapa. Akasema ndiyo, Krismasi.

Nikaweka kikombe chini. Nikamwambia sasa najua ni nani anayeharibu lugha za tovuti ya Bwana.

Akacheka! Akasema kumbe ni hilo tu linalonisumbua. Kisha akanieleza, na hapa naandika vile alivyosema ili asije akakanusha. Ati mtu akifungua tovuti, kiunzi hakikimbilii mstari wangu. Kwanza kinaangalia kama mtu huyu aliwahi kubonyeza kitufe cha lugha, maana tovuti huacha kumbukumbu ndogo kwenye simu yake. Kama hakuna, kinaiuliza simu yenyewe inatumia lugha gani. Simu ikijibu, mambo yameisha. Ule mstari wangu huulizwa mwisho kabisa, wakati kila mtu amenyamaza. Na simu za Kenya hazinyamazi. Karibu zote ziko kwa Kiingereza, hata za watu ambao hawajawahi kuongea Kiingereza na mtu.

Akasema nikitaka naweza kuondoa ile sehemu inayouliza simu, ama niweke ukurasa wa mtu kuchagua mwenyewe. Kazi ndogo. Akasema tukae sasa hivi anisaidie. Bure.

Bure! Nani humsaidia adui yake bure? Nikamshukuru kwa ubaridi, nikaondoka na ndizi zangu.

Nyumbani nikafungua maelezo ya kiunzi, kumkamata na uongo. Imeandikwa vile vile alivyosema, kwa mpangilio ule ule. Inaonekana Mugo aliyasoma kabla yangu. Ndiyo tabia yake, kunitangulia kisirisiri. Nikampigia Becky. Naam, wiki iliyopita alibonyeza kitufe cha Kikuyu kumwonyesha nyanya yake, kisha akasahau. Simu ya Mama Kavata iko kwa Kiingereza, ya Mzee kwa Kiswahili, laptopu yangu kwa Kiingereza. Hakuna aliyeingia.

Hilo halimtoi Mugo lawamani. Kwa nini alijua?

Nikala ndizi mbili nikiwa nimeudhika. Nilipofika ya tatu, wazo likanijia, nikasimama mpaka kiti kikaanguka. Kama simu ndiyo inayoamua, mimi sihitaji kuamua! Ahadi zote tatu zinaweza kutimia! Nitaziongelesha simu zenyewe!


Jumamosi, 6 Septemba

Ushindi.

Nilitangaza kwa viongozi kwamba simu zao zinahitaji kusajiliwa kwa ajili ya uzinduzi. Kusajiliwa! Neno zuri, watu hawaliulizi maswali. Mama Kavata alinipa yake akiwa anapima maharagwe. Nikaibadilisha, simu yote, kutoka Kiingereza hadi Kiswahili. Nikafungua tovuti, nikamwonyesha. Karibu Chemchemi! Akanishika mkono. Akasema alijua mimi ni mtu wa neno langu.

Kwa Mzee Gichuru niliogopa kidogo, lakini nilipoingia kwenye orodha ya lugha za simu yake nikakipata Kikuyu kikiwa kimetulia pale chini. Nikakichagua. Tovuti ikafunguka kwa Kikuyu na Mzee akasoma kwa sauti kuanzia juu hadi anwani ya posta. Machozi yalimlenga. Akasema viazi vijavyo vitakuwa gunia zima. Mimi mwenyewe nilijisikia vizuri moyoni, naapa.

Becky alikataa kunipa simu. Alisema simu yake hashiki mtu, hata mchungaji. Basi nikamwambia abonyeze tu kitufe cha Kiingereza. Akabonyeza. Nikamwambia ndiyo hiyo, itakaa hivyo. Akasema, "Poa, Uncle Tobi, nilikuwa nimeanza kukudoubt."

Kila mmoja anaona chake. Kila mmoja anadhani kanisa zima linaona chake. Kila mmoja ameninong'oneza asante na kunikonyeza. Ule mstari kwenye faili hata sikumbuki nimeuacha kwa lugha gani, na haijalishi!

Nikamsimulia Nafuna, maana furaha ilinizidi. Akaniuliza itakuwaje watatu hao wakikaa pamoja. Nikamwambia kila mmoja ana ibada yake, hawakai pamoja. Akanikumbusha kwamba kesho ni ibada ya pamoja kwa sababu ya uzinduzi. Nafuna hupenda kuona upande mbaya wa mambo. Kisha akauliza, Baba Emmah, si ungewaambia tu ukweli, kwamba hujui? Nikamwambia mtaalamu hawezi kusema hajui.

Akakunja nguo. Niliona kwamba zilikuwa zangu, na kwamba alikuwa akizipanga ndani ya begi. Sikuuliza. Kesho atazitoa.


Jumapili, 7 Septemba

Naandika haraka kabla kumbukumbu za watu wengine hazijaharibu ukweli.

Kanisa lilijaa. Hata watu wa Ruiru walikuja, na Mugo amevaa tai. Mugo na tai! Alikuwa anajua kitu.

Chemchemi hatuzindui kitu bila kukisoma pamoja kwa sauti. Ni desturi. Hata choo kipya cha nje tulisimama mbele yake tukasoma kibao. Mimi nimo kanisani humu miaka mingi na desturi hii ilikuwa imenitoka kabisa kichwani. Kwa hivyo Pasta Mumbi aliposema kila mtu atoe simu, afungue tovuti, tusome pamoja maneno ya kukaribisha, nikaangalia mlango ulipo.

Wakasoma. Mungu wangu! Nusu ya kanisa wakaanza kwa Kiingereza. Wazee wote walionunua simu kwa Mugo wakaingia na Kiswahili, na Mama Kavata mbele yao. Na katikati ya sauti zote hizo, peke yake, amesimama, Mzee Gichuru akinguruma kwa Kikuyu. Watu wa ibada yake wakaziangalia simu zao, wakamwangalia yeye, wakaacha simu na kuanza kumfuata yeye, neno moja nyuma. Waliomaliza kwanza wakasema amina. Waliobaki wakafikiri ni mwisho, wakasema amina katikati ya sentensi. Mtoto akalia.

Macho yote kwangu. Na hapo, sijui nguvu ilitoka wapi, nikasimama nikasema, ndugu zangu, siku ya Pentekoste si kila mtu alisikia kwa lugha yake?

Pasta akafikiri. Kisha uso wake ukafunguka. Akasema amina! Kanisa likasema amina! Wakapiga makofi, hata Becky! Niliitwa mbele. Kwa muda ule nilikuwa msimamizi wa mitambo, Thika na Ruiru. Nilimtafuta Nafuna kwa macho. Alikuwa anacheka, kicheko kile cha zamani cha kabla hatujaoana, na nikafikiri begi litafunguliwa leo.

Kisha Mzee Gichuru akafungua kabati.

Akaleta ile laptopu, akaondoa kitambaa, Pasta akaiunganisha na ukuta ule mweupe ili sote tuone. Tovuti ikafunguka, kubwa, mita mbili kwenda juu. Maneno yangu yalikuwa kwa Kiingereza. Lakini juu kabisa, penye tarehe, mahali pa Jumapili, ilikuwa imeandikwa Sonntag. Pasta akabonyeza kitufe cha kujisajili bila kujaza kitu, na ukuta mzima ukajaa maandishi mekundu marefu ambayo hakuna mtu Thika amewahi kuyaona. Laptopu ilikuja ikiongea Kijerumani, kiunzi kikaiuliza, ikajibu, kikaiheshimu, ila maneno yangu hayakuwa na tafsiri ya Kijerumani. Zile lugha nilizoziacha humo! Hazimsumbui mtu, nilisema!

Mama Kavata ndiye aliyesimama, na wala hakupaza sauti.

"Baba Emmah," akasema, "na hawa walikuletea nini?"

Walioketi mbele wakacheka. Pasta hakucheka. Akauliza, kuleta, vipi kuleta? Basi ikatoka yote. Kuku akatoka. Keki ikatoka. Viazi vikatoka. Kila mmoja akasema aliahidiwa kuwa wa kwanza, kisha wakageuka wakaangaliana, watatu hao ambao hawajawahi kukubaliana hata juu ya rangi ya mapazia, na wakakubaliana palepale kuhusu mimi. Mzee Gichuru akaongeza kwamba tangu nimsajili, simu yake imepotea ikiwa mkononi. Kikuyu anakijua, Biblia amesoma yote, lakini nani alishawahi kuona mipangilio ya simu kwa Kikuyu? Asubuhi alitaka kumpigia daktari wa ng'ombe, akajipiga picha ya sikio. Akaionyesha. Ilipita mkono kwa mkono.

Pasta aliniuliza swali moja tu. Ule mstari wa lugha ya kuanzia, niliacha umeandikwa nini? Nikasema sikumbuki. Afadhali ningesema Kifini.

Kazi amepewa Mugo. Alikaa na laptopu yake wakati watu wakinywa chai, na kabla mandazi hayajaisha alikuwa ameweka ukurasa wa mwanzo wenye vitufe vitatu tu, uchague mwenyewe. Nikangoja kwa hamu. Kwa kweli wakaanza, kitufe cha nani kiwe juu! Mugo akavifanya vibadilishane nafasi kila mtu anapofungua. Wakaridhika. Mambo yalikwisha hivyo, kirahisi hivyo, na inanishangaza kwamba hakuna aliyeona jinsi lilivyo jambo la kutiliwa shaka.

Tulirudi Landless kwa miguu, mimi na Nafuna, Emmah katikati. Nafuna hakunisema. Hakunicheka. Hilo liliniuma kuliko sikio la Mzee likizunguka kanisani. Gambuti, viatu vya mpira vya shambani, ziko juu ya begi, zimepanguswa.


Alhamisi, 11 Septemba

Ngoliba. Vumbi. Jua la hapa linamtafuta mtu hadi ndani ya nyumba.

Kazi si mbaya. Ronny ana kisima, pampu na tangi kubwa, na Jumamosi asubuhi huwafungulia majirani maji, bomba moja, mmoja baada ya mwingine. Tangi halitoshi wote, wa mwisho hupata matope. Ronny ameenda Kitale kwa shughuli na ameniachia funguo. Amesema jambo moja tu, niamue nani atangulie na nimwambie kila mtu mapema. Watu wa hapa wameanza kuniita fundi. Si mtaalamu, lakini lina uzito wake.

Nimetafakari sana yale ya kanisani, na nimepata somo. Somo ni kwamba laptopu ile haikuja na Wajerumani kwa bahati. Nani katika kanisa lile anauza mitambo? Nani alikuwa na tai? Nitamwandikia Pasta.

Jirani mmoja, Ndunge, ambaye mboga zake zinakauka, alipita juzi na papai. Nikamwambia, wewe ndiye wa kwanza. Byron wa matikiti maji akaleta asali kwenye chupa ya soda. Mtu mzuri sana. Nikamwambia hivyo hivyo. Leo mama mmoja wa ng'ambo ya korongo, shemeji yake Ndunge, amekuja na kuku. Nimwambie nini mtu aliyetembea kwa jua hili na kuku mkononi? Yuko kwenye sufuria sasa hivi. Jumamosi nitafungua maji mapema sana, na kwa lile bomba nina mpango. Mashamba yao yako mbalimbali. Hawawezi wote kuja kuangalia.

Nafuna amenipigia simu mchana huu. Sauti yake ilikuwa laini. Akasema Emmah ananiulizia, na kwamba Jumamosi asubuhi kuna mkutano wa wazazi shuleni, je, nitaweza kuja, au Ronny ana kazi? Sauti ile ilinimaliza. Nikamwambia nitakuja, asubuhi na mapema, kazi ingoje. Nikamwambia, wewe ndiye wa kwanza.

Kisha akauliza, wa kwanza kati ya wangapi?

Kuna mtu amemwambia. Namshuku Mugo.